Tundu Moja, Lugha Mbili: Kwa Nini Bodi ya Kompyuta ya Kiwandani Haioni Diski Yako

Hapa Mombasa, nyuma ya mizani ya malori kule Changamwe, ndani ya magodauni ya chai ya Shimanzi na kwenye vyumba vya mitambo vya viwanda vya barafu, kuna visanduku vya chuma visivyo na feni ambavyo wengi huvipita bila kujua kuwa ni kompyuta. Kimoja kikifa, kazi husimama: malori yanapanga foleni, magunia hayapimwi, karani hana cha kuandika. Mara nyingi kilichokufa ni diski tu, bodi yenyewe ingali nzima. Basi inanunuliwa diski mpya, inaingia kwenye tundu lake bila shida, skrubu inakazwa, stima inawashwa, na skrini inasema hakuna diski ya kuanzia.

Kwenye kompyuta ya ofisini, kitu kikiingia kwenye tundu kwa kawaida kinafanya kazi. Kwenye bodi ya kiwandani usiweke imani yako hapo. Diski ikilingana na tundu umejua jambo moja tu, kwamba maumbo yamelingana. Bado hujajua kama diski inapata umeme inaouhitaji. Hujajua kama nyaya zilizo nyuma ya tundu zinabeba lugha ambayo diski inaizungumza. Wala hujajua kama programu ya bodi, na mfumo unaotaka kuuweka, vinaielewa lugha hiyo. Ni maswali matatu tofauti na yanajibiwa kwa mpangilio huo huo: umeme, lugha, programu. Anayeyachanganya huishia kurudisha dukani diski isiyo na ubaya wowote.

Kwanza bodi yenyewe. Zile za Mini-ITX zina milimita 170 kila upande. Zinazoitwa za inchi 3.5 zina takriban milimita 146 kwa 102, na za PC/104 ni ndogo zaidi, 90 kwa 96. Hula umeme wa DC, aghalabu volti 12, na nyingine hupokea chochote kati ya volti 9 na 36 ili ziweze kufungwa kwenye gari au kwenye paneli ya mtambo. Ile pawa saplai kubwa yenye shada la nyaya haipo. Tena modeli moja hubaki sokoni miaka mingi, kwa sababu mwenye mtambo hataki kubadilisha kompyuta kila simu mpya inapotoka. Ndiyo maana fundi wa hapa anaweza kushika asubuhi bodi ya zama za Windows XP, na jioni akashika bodi ambayo diski yake ni ndogo kuliko kidole cha shahada.

Udogo huo una gharama. Viunganishi vya kawaida havienei, hivyo mtengenezaji huweka safu za pini nyembamba na kukupa kebo zake maalum ndani ya boksi. Kebo hizo zikipotea, na kwenye godauni hupotea, hakuna kebo ya dukani unayoweza kuiamini kwa macho. Kabla ya kugusa chochote tafuta jina la modeli lililochapishwa juu ya bodi yenyewe, kwa kawaida karibu na nafasi ya RAM au kwenye stika ya msimbo, kisha upakue kitabu chake kutoka kwa mtengenezaji. Ukurasa wenye mchoro wa viunganishi ndio utakaoutumia siku nzima. Na kama kisanduku kimeunganishwa na mizani ya biashara, angalia lakiri ya mkaguzi wa vipimo iko wapi. Kompyuta unaweza kuifungua. Kionyeshi cha uzito kilichopigwa lakiri kiache kama kilivyo.

Umeme kabla ya yote

Diski ya SATA, ile lugha ya diski iliyozoeleka zaidi, ina plagi mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Nyembamba ya pini 7 ni ya data na haibebi umeme wa kuendesha chochote. Pana ya pini 15 ndiyo ya umeme, na imepangiwa volti 3.3, 5 na 12. SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya inchi 2.5 kwa kawaida hutumia volti 5 peke yake. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 inahitaji pia volti 12 za kuendesha mota, na inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache.

Sasa, umeme huo unatoka wapi ikiwa hakuna pawa saplai ya kawaida? Unatoka kwenye bodi. Pembeni mwa soketi ya SATA utaona kiunganishi kidogo cheupe cha pini 4 au 5. Bodi inapokea volti 12 kutoka kwa adapta, inatengeneza volti 5 ndani yake, kisha inazipitisha hapo kwenda kwa diski. Kitabu kitakwambia kiunganishi hicho kinaruhusu ampea ngapi, na mara nyingi si nyingi. Kwa hiyo diski kubwa ya inchi 3.5 iliyochomekwa hapo inaweza kunguruma, ikazima, ikanguruma tena. Fundi atadhani diski ni mbovu, kumbe bodi ndiyo iliyoshindwa kuibeba. Ikiwa ni lazima utumie diski ya aina hiyo, ipe umeme wake kando, na uhakikishe nyaya nyeusi, yaani za ardhi, za pande zote mbili zimeunganishwa pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni mpangilio wa pini hizo nne. Hakuna sheria moja. Bodi ya kampuni hii itaanza na volti 5, ifuate nyeusi, nyeusi, kisha 12. Ya kampuni nyingine itaanza na 12 na kumaliza na 5. Kiunganishi ni kile kile na kebo inaingia vizuri kwenye bodi zote mbili. Ukihamisha kebo kutoka bodi moja kwenda nyingine, unaweza kupeleka volti 12 mahali diski inaposubiri 5, na SSD haitakupa nafasi ya pili.

Chukua karakana yoyote ya mitaa ya Mwembe Tayari yenye fundi anayejua kazi. Kijana ameshika kebo, yuko tayari kuichomeka.

"Mwanangu, ngoja. Lete mita kwanza."

"Lakini mzee, kebo imetoka kwenye mashine kama hii hii."

"Hii hii kwa rangi ya kisanduku. Chomoa diski, washa bodi, tupime."

Ncha nyeusi ya mita inawekwa kwenye chuma cha tundu la skrubu, kwa kuwa hapo ndipo ardhi ya bodi ilipo. Ncha nyekundu inapita pini moja moja, kwa mkono uliotulia, maana kuteleza kati ya pini mbili kunaweza kuunguza bodi nzima. Ya kwanza inasoma 12.1. Ya pili na ya tatu, sifuri. Ya nne, 5.0. Kisha anageuka na kupima upande wa pili wa kebo, kwenye plagi ya pini 15 yenyewe: waya mwekundu usome 5, wa njano usome 12, mweusi usome sifuri. Ni kazi ya muda mfupi, na ikikamilika swali la kwanza limefungwa. Rangi za nyaya peke yake hazitoshi. Kebo ya mtengenezaji aliyetaka kupunguza gharama inaweza kuwa nyeusi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jambo jingine kwa bodi zinazopokea volti 9 hadi 36: soma kwa makini volti 12 za diski zinatoka wapi. Bodi nyingine huzitengeneza zenyewe. Nyingine hupitisha moja kwa moja kile kilichoingia, na hapo ukiilisha bodi volti 24 za mtambo, pini ya "12" haitakuwa na 12.

Lugha ya zamani ambayo bado inafanya kazi

IDE, lugha ya diski iliyotangulia SATA, imezeeka lakini haijatoka kazini. Utaitambua kwa kebo pana ya utepe. Diski za inchi 3.5 hutumia pini 40, na umeme huja kwa plagi nyingine. Kwenye bodi ndogo za kiwandani kilichozoeleka ni kile cha pini 44, chenye pini zilizobanana zaidi, kwa kuwa miongoni mwa pini 4 za mwisho zimo za umeme wa volti 5 na ardhi. Hapo pana mtego. Ukichomeka kebo ya 44 ikiwa imesogea safu moja, volti 5 zinaingia kwenye waya wa data. Waya wenye mstari mwekundu ndio upande wa pini ya 1, na pini ya 1 imewekewa alama kwenye bodi, kwa pembetatu ndogo au kwa mguu wa mraba upande wa chini. Kagua kwa tochi.

IDE ina pia suala la nani mkubwa na nani mdogo. Kebo moja inabeba diski mbili, na jampa (kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili) iliyo nyuma ya kila diski ndiyo inayoamua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Diski mbili zikijiita za kwanza, hata moja inaweza isionekane. Kwenye bodi yenye diski moja tu, iwekee jampa ya kwanza na uendelee na kazi.

Jamaa wa karibu wa IDE ni CompactFlash, kadi iliyotolewa na SanDisk mwaka 1994 na ambayo wapiga picha wa zamani wanaijua. Ina pini 50, na ikiwekwa kwenye hali inayofaa huzungumza IDE yenyewe, bila chipu ya kutafsiri katikati. Kwa hiyo adapta yake ni kipande cha bodi chenye nyaya tu, na ndiyo maana mashine nyingi za kiwandani ziliitumia badala ya diski. Tahadhari yake ni hii: kadi za kamera hujitambulisha kama kitu cha kuchomoa, mfano wa flashi, na Windows XP haitaki kukaa vizuri kwenye kitu inachodhani kitachomolewa. Kadi za kiwandani hujitambulisha kama diski ya kudumu. Kwa nje zinafanana kabisa, kwa hiyo muulize muuzaji au soma namba ya modeli.

SATA, mSATA na M.2: hapa ndipo watu wanapopotea

SATA ya kawaida haina makuu. Toleo lake la kwanza lilitoka 2003 na kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, la pili likafika 3, la tatu 6, na diski ya toleo moja huelewana na bodi ya toleo jingine kwa kasi ya aliye nyuma. Kebo isizidi mita moja. Ndani ya kisanduku kilichofungwa karibu na mashine inayotetemeka, nunua kebo yenye kibanio cha chuma. Isiyo na kibanio hulegea taratibu, na diski huanza kupotea na kurudi kwa namna inayowachosha watu kwa wiki nzima.

mSATA ndiyo ya kwanza kuvunja ile imani ya tundu. Ni SSD iliyovuliwa ganda, ukubwa wake takriban milimita 51 kwa 30, na kiunganishi chake kina pini 52. Kiunganishi hicho hicho ndicho cha Mini PCIe, kinachotumiwa na kadi za Wi-Fi na modemu za simu. Umbo ni moja, mahali pa skrubu ni pamoja, lakini nyaya nyuma yake zinaweza kwenda kwenye kidhibiti cha SATA au zikaenda kwenye njia za PCIe, zile za kadi za ziada. Ukiweka diski ya mSATA kwenye tundu lililofungwa kwa ajili ya modemu, itakaa kimya bila kuungua, na haitaonekana popote. Bodi nyingine zina tundu linalofanya kazi zote mbili, na jampa au chaguo kwenye bayosi (programu ya bodi inayoamka kabla ya mfumo) huamua. Nyingine hugawana waya mmoja kati ya tundu la mSATA na soketi ya pili ya SATA, hivyo ukijaza moja, nyingine inazimika. Hili la mwisho huwachanganya hata mafundi wazoefu: wanaongeza diski ya pili, ya kwanza inatoweka, wanaanza kutafuta virusi.

M.2, umbo jipya zaidi la SSD isiyo na ganda, imeendeleza mkanganyiko huo kwa kiwango kikubwa. Upana wa diski hizi ni milimita 22 na urefu umeandikwa ndani ya jina: 2242 ni milimita 42, 2260 ni 60, 2280 ni 80. Bodi za kiwandani hupenda fupi, 2242, huku madukani kilichojaa ni 2280. Usiiweke ndefu ikining'inia bila skrubu. Inaweza kugusa kichwa cha kapasita chini yake, na hata isipogusa, mtetemo utakata miguu ya kiunganishi.

Halafu kuna mikato kwenye ukingo wa diski. Mkato ulio upande mmoja huitwa B, wa upande wa pili huitwa M, na diski nyingine zina yote miwili. Tundu la M linapokea diski yenye mkato wa M, la B linapokea yenye mkato wa B, na yenye miwili inaingia kokote. Wengi wamefundishwa kwamba miwili maana yake ni SATA na mmoja wa M maana yake ni NVMe, lugha nyingine ya SSD inayopita kwenye PCIe. Kanuni hiyo inakaribia ukweli kisha inakuangusha. Diski za SATA kwa kawaida zina miwili, ni kweli. Lakini zipo NVMe za njia mbili za PCIe ambazo nazo zina miwili. Na tundu la B kwenye bodi moja linaweza kuwa na SATA, kwenye bodi nyingine likawa la modemu ya simu lenye USB tu. Jibu sahihi limeandikwa sehemu mbili: kwenye lebo ya diski, ambako husomeka SATA au NVMe, na kwenye kitabu cha bodi, kwenye mstari unaoeleza tundu hilo limeunganishwa na nini. Mistari hiyo miwili ikikubaliana, nunua. Isipokubaliana, hakuna mpangilio wa bayosi utakaoziokoa, kwa sababu SATA na NVMe hazitafsiriani. NVMe, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza 2011, haikurithi mazungumzo ya SATA hata kidogo. Inaongea na prosesa moja kwa moja kupitia PCIe.

Kwa mizani na magodauni, kama bodi inakubali zote mbili, mimi huchagua SATA. Kasi ya NVMe haina faida kwa mashine inayoandika mstari mmoja kila lori likipita, na joto lake ni la ziada ndani ya kisanduku kisicho na feni katika mji ambao kwa miezi ya Januari hadi Machi hewa yenyewe imekwisha kupanda juu ya nyuzi 30.

Programu ya bodi na mfumo unaouweka

Diski ina umeme na lugha inalingana. Ingia kwenye bayosi, kwa kawaida kwa kubonyeza Del au F2 mara tu bodi inapowaka. Diski ikitajwa pale kwa jina lake, kazi ya nyaya imekwisha na sasa unashughulika na programu. Isipotajwa, usihangaike na flashi ya usakinishaji. Rudi nyuma kwenye umeme na lugha.

Chaguo la kwanza la kuangalia ni hali ya SATA: IDE (kuigiza lugha ya zamani), AHCI (SATA yenyewe) au RAID (diski kadhaa kama moja). Kwa mfumo wa leo weka AHCI. Windows XP haina draiva ya AHCI ndani yake, hivyo ukitaka kuirudisha kwenye mashine ya zamani kwa sababu programu ya mtambo haikubali kingine, tumia hali ya IDE ikiwa bodi inayo, au uiongezee draiva wakati wa usakinishaji. Ukishasakinisha usiguse tena chaguo hilo. Windows iliyowekwa kwa hali moja, ukiigeuza, mara nyingi huanguka kwa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, na maana yake ni kwamba imeshindwa kuifikia diski iliyoanzia. Betri ndogo ya CR2032 ikiisha, bayosi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kuleta kosa hilo hilo bila mtu kugusa kitu. Mashine iliyokuwa salama jana, stima ikakatika usiku, asubuhi ikaamka na skrini ya bluu: pima betri kabla ya kulaumu diski. Ikiwa chini sana ya volti 3, ibadilishe kisha urudishe hali ya SATA ilivyokuwa.

Kwenye bodi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea kuna chaguo liitwalo VMD, kidhibiti cha Intel kinachosimama kati ya mfumo na diski za NVMe. Likiwa limewashwa, bayosi inaiona NVMe vizuri, lakini kisakinishi cha Windows kinasema hakuna diski. Ama uizime VMD kabla ya kuanza, ama umpe kisakinishi draiva yake kutoka kwenye flashi.

Kisha kuna suala la UEFI, yaani bayosi ya kisasa, na mtindo wa zamani wa kuanzia. Mtindo wa zamani hutumia jedwali la sehemu za diski liitwalo MBR, ambalo haliwezi kupanga diski zaidi ya terabaiti 2. UEFI hutumia jedwali la GPT. Flashi ikianzishwa kwa mtindo mmoja, mfumo husakinishwa kwa mtindo huo. Ndiyo maana wakati mwingine flashi hutokea mara mbili kwenye orodha ya kuanzia, moja ikiwa na neno UEFI mbele. Chagua kwa kukusudia.

Flashi nayo ina visa vyake. Mafaili ya Windows ya siku hizi yana moja linaloweza kuzidi gigabaiti 4, na FAT32 haiwezi kubeba faili la ukubwa huo, wakati UEFI nyingi husoma FAT32 tu. Programu ya Rufus hulitatua kwa kuweka sehemu ndogo ya ziada kwenye flashi. Kwa Windows 7 tatizo ni jingine: kisakinishi chake hakina draiva ya USB 3, na bodi za Intel kuanzia kizazi cha 6, kilichotoka 2015, ziliondoa kidhibiti cha USB 2. Kisakinishi kinafika kwenye ukurasa wa kwanza, kibodi na mausi vinakufa. Kama bodi ina tundu la PS/2, kibodi ya zamani itakuvusha hadi mwisho. Kama haina, itabidi draiva iingizwe kwenye flashi mapema.

Wengine huikwepa shida hii kwa kuchomoa diski, kuisakinishia kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, kisha kuirudisha. Kwa Linux njia hii ni nzuri mno, lakini ina mawe mawili ya kujikwaa. Adapta nyingine za USB huionyesha diski kwa sekta za baiti 4096 ilhali yenyewe ni ya 512. Ukiirudisha kwenye SATA, jedwali la sehemu halisomeki na diski inaonekana tupu. La pili ni la UEFI: orodha ya mifumo ya kuanzia imehifadhiwa kwenye chipu ya bodi ile nyingine na haisafiri na diski. Bodi ya godauni haijui lolote juu yake, kwa hiyo itatafuta faili moja tu la akiba, BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT. Kisakinishi cha Debian kikiwa kwenye hali ya mtaalamu hukuuliza kama uliweke hapo. Jibu ndiyo. Na ndani ya mfumo, taja diski kwa UUID yake, yaani namba yake ya kipekee, kwa sababu iliyoitwa sdb kwenye kompyuta ya karakana itaitwa sda ikifika nyumbani kwake.

Chumvi, joto na stima

Diski iliyowekwa Mombasa inaishi maisha magumu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula miguu ya shaba kwenye viunganishi mpaka iwe na kutu ya kijani. Ukikuta diski inayopotea na kurudi, chomoa kebo na uangalie meno yake kwa lenzi. Safisha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, acha ikauke vizuri, chomeka tena. Meno yaliyokwisha kulika, badilisha kebo. Kwenye magodauni ya chai kuna vumbi laini linalonyonya unyevu na kutulia juu ya bodi kama tope jembamba. Mnada wa chai ulihamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969 na magodauni yake yamejaa tangu hapo, kwa hiyo mafundi wa mji huu wanalijua vumbi hilo kuliko wenzao wa bara.

Kukatika kwa stima ndiko kunakoua SSD za bei nafuu. Diski hushika data kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuiandika. Umeme ukiondoka katikati, ramani ya ndani ya diski inaweza kuharibika na diski nzima isitambulike tena. Diski za kiwandani zenye kinga ya kukatika umeme zina kapasita za kuishikilia kwa muda mfupi imalize kuandika. Bei yake ni kubwa, na kwa mizani inayopima usiku na mchana naona inastahili. Angalia pia kiwango cha joto: za kawaida zimeandikiwa nyuzi 0 hadi 70, za kiwandani 40 chini ya sifuri hadi 85. Baridi hiyo haituhusu, ila kisanduku cha chuma kilichofungwa juani kando ya mizani hukaribia 70 kwa haraka kuliko mtu anavyodhani. Na kama mashine haihitaji kuhifadhi mengi, matoleo ya Windows ya viwandani yana kichujio cha uandishi kinachoelekeza kila kinachoandikwa kwenye RAM, diski ikabaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Rekodi za uzito zipelekwe kwenye seva au kwenye sehemu ya diski isiyofunikwa na kichujio.

Ukishamaliza kusakinisha na kila draiva imekaa, toa nakala nzima ya diski kwa programu ya Clonezilla na uiweke mahali pengine kabisa, pamoja na karatasi yenye modeli ya bodi, toleo la bayosi, hali ya SATA na mpangilio wa zile pini nne za umeme. Kisha fanya jaribio ambalo karibu kila mtu huliruka. Weka bodi kwenye hali ya kuwaka yenyewe umeme ukirudi, ambayo kwenye bodi nyingine ni jampa na kwenye nyingine ni chaguo la bayosi. Chomoa adapta ukutani, acha kisanduku kipoe kabisa, rudisha umeme bila kugusa kitufe chochote. Rudia mara kadhaa, kwa sababu diski yenye umeme hafifu huonekana vizuri bodi ikiwa ya moto na hukosekana inapoanza ikiwa baridi. Ikikosekana hata mara moja, kisanduku kisirudi kazini: rudi kwenye kile kiunganishi cha pini nne na upime tena, safari hii diski ikiwa imechomekwa na inafanya kazi, uone volti 5 zinashuka hadi ngapi. Zikishuka chini ya 4.75, bodi haiwezi kuibeba diski hiyo, na dawa ni diski inayokula kidogo au umeme wa kando.